Fundi na Mteja Wake: Historia ya Kujiajiri katika Jua Kali ya Kamukunji

Historia ya kazi katika miji ya Afrika Mashariki imeandikwa mara nyingi kama historia ya ajira, yaani ya watu waliopewa kazi na reli, bandari, viwanda, mashamba na serikali, ilhali kwa muda mrefu kumekuwapo tabaka kubwa la watu waliojipa kazi wenyewe, wakanunua zana zao, wakatafuta malighafi yao na, jambo lililokuwa gumu kuliko yote, wakamtafuta mtu wa kununua walichokitengeneza. Nchini Kenya watu hao hujulikana kwa jina la jua kali, kwa kuwa mafundi wa kwanza kuitwa hivyo walifanya kazi nje pasipo paa wala kivuli, ingawa leo jina hilo hutumika kwa karibu kila shughuli ndogo isiyosajiliwa rasmi. Insha hii inafuatilia mafundi wa bati na chuma wa Kamukunji, upande wa mashariki wa katikati ya jiji la Nairobi, na inauliza swali moja: fundi asiye na duka, asiye na tangazo wala mwajiri alimpataje mteja? Jibu linalojitokeza ni kwamba bidii ya fundi mmoja mmoja haikutosha kamwe, na kwamba mteja alipatikana kwa sababu mafundi walijijengea mpangilio wa pamoja wa mahali, uaminifu na kugawana kazi, ambao ndio uliokuwa mtaji wao mkubwa kuliko nyundo na patasi.

Kabla ya ukoloni, wahunzi wa Wakikuyu na Wakamba walifua majembe, visu, mikuki na mapambo, na suala la mteja halikuwa na uzito liliokuja kuwa nao baadaye, kwa sababu mhunzi alijulikana katika eneo lake, wanunuzi wake walikuwa majirani na jamaa, na malipo yalifanywa kwa mifugo au mazao. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Lamu palikuwa na mafundi wa aina nyingine, yaani maseremala, waashi na waunda majahazi, ambao walifanya kazi kwa kuagizwa na tajiri, nahodha au mwenye nyumba, na ambao ufundi wao ulirithishwa katika familia au kwa kumweka kijana chini ya fundi mkuu. Chuma cha bei nafuu na majembe yaliyotengenezwa viwandani Ulaya vilipoanza kuingia kwa wingi, uyeyushaji wa chuma wa kienyeji ulififia katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na mhunzi wa bara akapoteza wateja wake kabla mji wa Nairobi haujawa mji wa kweli.

Ufundi uliokuja kutawala Nairobi ulifika kwa njia ya reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na ukafika Kisumu kwenye Ziwa Viktoria mwaka 1901, na kwa kazi hiyo Waingereza waliwaleta kutoka India wafanyakazi wapatao 32,000, wengi wao wakitoka Punjab. Wengi walirudi kwao mikataba ilipomalizika, wengine walifariki au waliumia, na karibu 6,700 walibaki, wakiwemo maseremala, waashi na wahunzi walioingia katika karakana za reli au kufungua shughuli zao wenyewe mjini. Mafundi hao walikuja na njia za kukunja bati, kuunganisha kwa ribiti na kulehemu kwa risasi, na wakaja pia na vyombo walivyovizoea, likiwemo jiko dogo la chuma la kutumia makaa ambalo baadaye lilienea katika nyumba za mijini kote Afrika Mashariki. Waafrika walioajiriwa kuwashikia chuma, kuwapulizia moto na kuwabebea mizigo walijifunza kwa kutazama, na ingawa hawakupewa cheti chochote, waliondoka na ujuzi ambao ungeweza kumlisha mtu.

Ujuzi peke yake, hata hivyo, haukumfanya Mwafrika kuwa fundi wa kujitegemea katika mji wa kikoloni. Tangu mfumo wa kipande ulipoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alitakiwa kubeba hati iliyoonyesha jina lake, alama za vidole na mwajiri wake, hivyo mtu asiye na mwajiri alikuwa katika hatari ya kuonekana mzururaji na kurudishwa vijijini. Leseni za biashara zilikuwa ngumu kupata, maeneo ya Waafrika yalitengwa upande wa mashariki, Pumwani na baadaye Shauri Moyo, na biashara ya vyuma na bati katikati ya mji ilikuwa mikononi mwa wenye maduka wa asili ya Kihindi. Serikali ilianzisha kituo cha mafunzo ya ufundi huko Kabete katikati ya miaka ya 1920, ambako vijana wa Kiafrika walifunzwa useremala, uashi na uhunzi, lakini mji uliwahitaji kwanza kama vibarua na wasaidizi. Katika hali hiyo fundi aliyejaribu kujitegemea alilazimika kumfuata mteja mlangoni, akitembea na taa za koroboi, vikombe vya bati na majiko, huku akimkwepa askari.

Vita vya Mau Mau vilivuruga mpangilio huo na bila kukusudia vikafungua njia mpya. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na Aprili 1954 jeshi na polisi walifanya msako mkubwa mjini Nairobi, ulioitwa Operesheni Anvil, ambapo maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa na kupelekwa kizuizini au kurudishwa vijijini, na karakana nyingi za mjini zikapoteza wasaidizi wao wenye uzoefu. Vizuizi vilipolegezwa na uhuru ulipopatikana Desemba 1963, watu walimiminika Nairobi kwa wingi kuliko ajira zilizokuwepo. Wengi miongoni mwao walikuwa wamewahi kufanya kazi chini ya fundi wa Kihindi, na baadhi ya mafundi hao sasa walikuwa wakifunga biashara na kuondoka nchini, wakiacha soko la vyombo vya bei nafuu bila watengenezaji wa kutosha. Ndipo katika uwanja ulio kati ya Shauri Moyo, Gikomba na Barabara ya Landhies mafundi walipoanza kukaa pamoja kwa wingi, kila mmoja na nyundo yake, kipande chake cha chuma cha kufulia na rundo la chuma chakavu.

Kazi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu uhusiano wa fundi na mteja umefungamana na namna chombo kinavyotengenezwa. Fuawe ya fundi, yaani chuma kizito cha kufulia, mara nyingi ni kipande cha reli ya zamani au ekseli ya lori kilichosimikwa ardhini au kwenye gogo. Malighafi iliyotawala kwa miaka mingi ni pipa la mafuta lililotumika, ambalo hukatwa mfuniko na kitako kwa patasi, hupasuliwa ubavuni, kisha hugongwa na vijana wawili au watatu hadi linyooke na kuwa shiti bapa. Kutoka kwenye shiti hiyo fundi hupima kwa kigezo cha bati, huchora kwa msumari, hukata kwa mkasi wa bati, hukunja kingo ili zisimkate mtumiaji, hupiga ribiti kwenye maungio, na hatimaye hutia bawaba, komeo la kufuli na rangi kama chombo ni sanduku, au hugonga mbonyeo wa katikati kama ni karai. Ni nadra mtu mmoja kufanya hatua zote hizi, kwa kuwa mmoja hununua mapipa, mwingine huyanyoosha, mwingine hukata na kukunja, na mwingine hupaka rangi, kila mmoja akilipwa kwa idadi ya vipande alivyokamilisha.

Mgawanyo huo wa kazi ulifanya mahali kuwa na thamani kuliko chombo, na hapa ndipo mbinu ya kwanza ya kupata wateja inapoonekana. Kamukunji iko hatua chache kutoka kituo cha mabasi ya mikoani kinachojulikana kama Machakos Country Bus, na iko jirani na soko la Gikomba, hivyo abiria aliyetoka Ukambani, Mlima Kenya au Magharibi alishukia karibu na fuawe, na mzigo alioununua ulipanda juu ya basi lile lile la kurudia. Mafundi kuwa mamia mahali pamoja, wakitengeneza vitu vinavyofanana, kulionekana na wapangaji wa mji kama msongamano usio na maana, lakini kwa mnunuzi kulikuwa na faida kubwa, kwa kuwa alijua kwamba akifika hatarudi mikono mitupu, angelinganisha bei na ubora papo hapo, na kama fundi mmoja hana idadi aliyotaka, angechukua kwa majirani zake. Mlio wa nyundo uliosikika kutoka barabarani ulitosha kuwa tangazo, na sifa aliyopata fundi mmoja iliwaletea wateja walio jirani naye.

Mbinu ya pili ilikuwa arubuni, yaani sehemu ya bei ambayo mteja hutanguliza ili kazi ianze. Fundi anayeanza hana akiba ya kununua bati la kutosha, na benki za miaka ya 1960 na 1970 hazikumkopesha mtu asiye na hati ya ardhi wala anwani ya biashara, kwa hiyo mteja mwenyewe ndiye aliyekuwa mkopeshaji. Arubuni ilinunua malighafi, salio lililipwa chombo kilipochukuliwa, na faida yote ya fundi ilikuwa katika salio hilo. Mpango huu ulisimama juu ya uaminifu wa pande mbili, kwa kuwa mteja aliweza kutorudi, akamwachia fundi mlango wa chuma wenye vipimo visivyofaa nyumba nyingine, na fundi naye aliweza kuila arubuni na kumzungusha mteja kwa ahadi za kesho na kesho kutwa. Kukaa mahali pamoja kulipunguza hatari hiyo, kwa sababu fundi mwenye kijiwe kinachojulikana hawezi kutoweka kwa urahisi, na majirani zake, ambao jina baya la mmoja huwaharibia wote, walikuwa na sababu ya kumsukuma atimize ahadi yake. Kwa maana hiyo kijiwe kilikuwa ndicho dhamana ya fundi.

Mbinu ya tatu ilikuwa kumtegemea mnunuzi wa jumla, yaani mfanyabiashara anayechukua vyombo kwa makumi au mamia ili akaviuze rejareja mbali na Nairobi. Wafanyabiashara hawa, wengi wao wakiwa wanawake wenye vibanda katika masoko ya mikoani, walimwondolea fundi kazi ya kutembeza bidhaa, wakamletea habari za kile kinachotakiwa vijijini, na wakampa kazi ya uhakika katika majira yanayojulikana. Masanduku ya bati, ambayo mwanafunzi wa shule ya bweni hutia ndani yake nguo, vitabu na chakula chake, yalitakiwa zaidi kabla ya shule kufunguliwa Januari, karai za waashi zilifuata ujenzi, na vyombo vya kumwagilia na kuhifadhia maji vilifuata misimu ya kilimo. Fundi mwerevu alitumia miezi mikavu ya biashara kutengeneza akiba ya vyombo, kama alikuwa na fedha, na aliyekuwa hana aliuza kazi yake mapema kwa bei ya chini kwa yule mwenye fedha. Hapo ndipo palipozaliwa tofauti kati ya fundi aliyekuja kuwa na ghala na vijana wake, na fundi aliyezeeka akilipwa kwa kipande.

Namna ufundi ulivyorithishwa iliongeza tofauti hiyo. Mwanagenzi, yaani kijana anayejifunza kazi, aliingia kwa ada ndogo au kwa udugu, akaanza kwa kunyoosha mapipa, akapanda hatua kwa hatua, na baada ya miezi au mwaka mmoja au miwili akasimama peke yake, mara nyingi hatua chache kutoka kwa fundi wake. Mtafiti Kenneth King, ambaye alichunguza mafundi wa Nairobi kuanzia miaka ya 1970 na kuandika vitabu viwili juu yao, alionyesha jinsi ujuzi ulivyosambaa kwa njia hii bila darasa wala ruzuku, na jinsi usambaaji huo huo ulivyojaza soko watengenezaji wa kitu kimoja. Kila chombo kipya kilichopata wateja kiliigwa ndani ya wiki chache, bei ikashuka, na aliyebuni hakubaki na faida ya kumwezesha kubuni tena. Wingi uliomvuta mteja Kamukunji ndio pia uliompa mteja huyo nguvu ya kushusha bei.

Mfano ulio wazi zaidi ni jiko lililoboreshwa. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mjini Nairobi mkutano kuhusu vyanzo vipya vya nishati, wakati bei ya mafuta na ya makaa ikiwaumiza wakazi wa miji, na katika miaka iliyofuata wabunifu, mashirika na mafundi walibuni jiko lenye umbo lililobana kiunoni na koa la udongo uliochomwa ndani ya nusu ya juu, wakichukua wazo kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand na kulioanisha na jiko la chuma lililozoeleka. Koa hilo huzuia joto lisipotee ubavuni, na jiko lilipotengenezwa vizuri liliweza kuokoa kati ya asilimia 30 na 50 ya makaa. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji walifunzwa kutengeneza gamba la chuma, wafinyanzi wakatengeneza koa, na mnunuzi akauziwa chombo kilichounganishwa. Jiko hilo halikuenezwa kwa kugawiwa bure. Lilienea kwa sababu liliingizwa katika njia zilizokuwapo tayari za mnunuzi wa jumla, kibanda cha soko na basi la mikoani, na ndiyo maana liliendelea kuuzwa hata miradi ya wafadhili ilipomalizika. Ushindani ulishusha bei hadi familia za kipato cha chini zikaweza kulinunua, lakini ulileta pia majiko yenye koa dhaifu linalopasuka mapema, na mnunuzi hakuwa na njia rahisi ya kulitofautisha zuri na baya.

Serikali ilichelewa kuuona mpangilio huu. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia Keith Hart, kutokana na utafiti wake jijini Accra, alipendekeza dhana ya shughuli zisizo rasmi, yaani kazi za kipato zinazofanyika nje ya usajili na sheria za ajira, na mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini Kenya uliitumia dhana hiyo kueleza kwamba watu waliodhaniwa kuwa hawana kazi walikuwa wakifanya kazi kwa bidii na kwa faida. Ripoti hiyo ilikosoa ubomoaji wa vibanda na ugumu wa leseni, lakini ubomoaji uliendelea. Mabadiliko yalionekana zaidi katikati ya miaka ya 1980, Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, na mabanda ya kuwakinga na jua na mvua yakafuata. Serikali iliwahimiza mafundi kuunda vyama, ikatoa waraka maalumu wa sera juu ya biashara ndogo na jua kali mwaka 1992, na miaka 20 baadaye, mwaka 2012, Bunge likapitisha sheria ya biashara ndogo sana na ndogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba biashara hizo zilikuwa takriban milioni 1.3, zikiwapa kazi watu wapatao milioni 2.4.

Nchini Tanzania historia ilifuata njia tofauti, ingawa mafundi wa Gerezani na mitaa mingine ya Dar es Salaam walifanya kazi zinazofanana sana na za wenzao wa Nairobi. Serikali ya Ujamaa ilianzisha Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, mwaka 1973, ikiwa na nia ya kuwakusanya mafundi katika ushirika na mitaa ya viwanda, lakini mwaka 1983 sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi iliwafanya wachuuzi na watu wasio na ajira inayotambulika kukamatwa na kupelekwa vijijini, kabla ya jina hilo hilo kugeuka baadaye kuwa la leseni ya mfanyabiashara mdogo. Kuanzia mwaka 1999 maonyesho ya pamoja ya Afrika Mashariki yalibeba majina yote mawili, Jua Kali na Nguvu Kazi, na mafundi wa nchi jirani waliyatumia kutafuta wanunuzi na mitindo mipya ng'ambo ya mipaka.

Karne ya 21 imebadilisha vyombo vya kumtafuta mteja bila kuondoa tatizo la msingi. Simu ya mkononi na huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, zimewezesha mteja wa Kisii au Meru kuona picha ya chombo, kutuma arubuni na kupokea mzigo kwa basi bila kusafiri, na fundi anaweza kulipwa salio kabla ya kuachia kazi yake. Wakati huo huo, sufuria na mabeseni ya viwandani kutoka China yameshusha bei katika masoko yale yale, na pipa la mafuta limekuwa ghali kwa kuwa chuma chakavu kina wanunuzi wengi. Tangu mwaka 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali ya Kenya imetengwa kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini zabuni hudai usajili, hati za kodi na subira ya malipo, na fundi anayeishi kwa arubuni hawezi kungoja malipo kwa miezi mingi.

Historia ya Kamukunji kwa hiyo ina somo zito kwa kila anayezungumzia kujiajiri, iwe ni fundi wa chuma, mshonaji au kijana anayeuza ujuzi wake wa kompyuta. Kwa zaidi ya nusu karne misaada mingi imetolewa kwa dhana kwamba anachokosa mtu anayejiajiri ni mafunzo, mkopo au banda, ilhali mafundi hawa walifunzana wenyewe, walikopeshwa na wateja wao na walifanya kazi juani kwa miaka mingi kabla ya banda la kwanza kujengwa. Walichokihitaji zaidi, na ambacho hakuna fundi aliyeweza kukijenga peke yake, ni mnunuzi mkubwa anayelipa kwa wakati, alama ya ubora inayomlinda aliyefanya kazi nzuri dhidi ya aliyeiga, na haki ya kubaki mahali ambapo wateja wamezoea kumkuta. Kumhamisha fundi kutoka mahali hapo, hata kwa kumpa jengo bora nje ya mji, ni kumnyang'anya mtaji alioujenga kwa miaka mingi. Madawati ya shule za umma, vitanda vya mabweni na milango ya nyumba zinazojengwa na serikali vingeweza kuagizwa kwa vyama vya mafundi kwa mikataba inayotanguliza arubuni, kama walivyofanya wateja wa kawaida tangu mwanzo, na hilo lingekuwa jambo la kwanza ambalo dola imejifunza kutoka kwa jua kali badala ya kulifundisha.